Picha ya kweli nayo inadanganya

Mwanangu,

Kila ukinitumia picha swali lako ni lile lile, mama hii ni ya kweli au ya AI? Endelea kuuliza, ila usiishie hapo, maana picha ya kweli kabisa ambayo haijachezewa hata rangi inaweza ikakudanganya vilevile.

Januari 2020 kule Davos, Uswisi, wasichana watano wanaotetea mazingira walipigwa picha pamoja, na Vanessa Nakate wa Uganda alikuwa kasimama pembeni kabisa, mweusi pekee kati yao. Shirika la habari la AP likarusha picha ina wanne tu, wazungu watupu, yeye kakatwa! Maelezo yao ni kwamba jengo la nyuma yake lilikuwa linaharibu muonekano. Sasa fikiria, hakuna sura ya kutengeneza pale, wale wanne walikuwepo kweli, kwa hiyo ungeikagua hiyo picha mpaka kesho usingeona kasoro, na kama mwenyewe asingelalamika hadharani mpaka wakaomba radhi, wengi tungejua Afrika haikuwa na mtu pale. Mi hii inaniuma mpaka leo.

Ndo maana nakwambia picha moja usiiamini ikiwa peke yake, itafutie mwenzake. Juni 1994 magazeti ya Marekani, Time na Newsweek, yaliweka kwenye kava picha ile ile ya O.J. Simpson, mwanamichezo maarufu mweusi wa huko, aliyopigwa na polisi alipokamatwa, alikuwa anatuhumiwa mauaji. Newsweek wakaiacha ilivyo, Time wakaikoleza giza, sura ikawa nyeusi zaidi na ya kutisha, na mtu hata hajahukumiwa bado. Watu walishtuka kwa sababu zilikuwa sokoni wakati mmoja, wakazilinganisha.

Na maneno ya chini ya picha usiyasome kwanza. Angalia mwenyewe, jiambie unaona nini, alafu ndo usome, utashangaa mara ngapi ni maneno yanayokuonyesha vitu ambavyo kwenye picha havipo. Umati nao, ukipigwa kwa karibu watu wachache wanajaza fremu nzima, tafuta iliyopigwa kutoka juu.

Ile klipu ya kijana anamsukuma mzee nimeiona. Imeanzia katikati, tayari kashanyoosha mkono. Nitafutie mwanzo wake, na mimi natafuta huku, tukiukosa usimtumie mtu hiyo klipu.

Mama yako