Mama, ni mwendo ule ule wa bibi kwenda Kondoa

Glasgow, Uskoti
11 Mei

Mama yangu mpendwa,

Mbukwenyi hapo nyumbani! Shikamoo mama, na shikamoo mama mkubwa kama bado yuko hapo Veyula. Mimi sijambo. Baridi imepungua, na miti iliyokuwa mitupu kama mibuyu wakati wa kiangazi imeshatoa majani. Natumaini lile bati la jikoni limepigiliwa, maana upepo wa Julai hauko mbali.

Nakuandikia barua kwa sababu Jumapili kwenye simu hatukuelewana. Nilikuambia nataka kutembea kwa miguu kilomita 154. Ukanyamaza, halafu ukasema, "Kama huna nauli si useme, mwanangu, Yohana auze mbuzi." Salio likakata kabla sijakujibu, nami nikalala vibaya usiku ule. Mama, nauli ninayo. Treni ipo, inatoka hapa Glasgow hadi huko huko ninakokwenda kwa muda usiofika saa nne. Nimeamua kutembea, na nataka ujue kwa nini, kwa sababu sitaki kuondoka bila baraka zako.

Njia yenyewe inaitwa West Highland Way. Inaanzia Milngavie, mji mdogo kaskazini mwa Glasgow, inapita kando ya ziwa refu liitwalo Loch Lomond, inapanda milimani, na kuishia Fort William chini ya Ben Nevis, mlima wa mita 1,345 ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1980. Kila penye njia panda pana nguzo iliyochorwa ua la miiba, nembo ya nchi hii, ukilifuata hupotei. Watu wengi huimaliza kwa siku saba, nami nimejipangia saba.

Ramani yake imebandikwa ukutani kwenye chumba cha wafanyakazi, pale tunapolelea wazee. Miaka yote nimekunywa chai chini yake bila kuisoma. Usiku mmoja wa Januari, kwenye zamu, nikaona ile namba, 154, nikaanza kupiga hesabu kwa barabara za nyumbani kama ninavyofanya siku zote. Dodoma hadi Kondoa. Ni karibu sawa sawa. Nikaiacha chai ikapoa.

Unajua nilichokumbuka. Bibi alinisimulia tukiwa uani tunapeta uwele, mimi nikiwa darasa la tano. Mwaka ule wa njaa ng'ombe walibaki na babu, wanawake wakaondoka alfajiri na mbuzi watatu kwenda kuhemea kwa Warangi. Wakapita Mayamaya, wakaipita milima ya Chenene, wakafika Haneti, wakaendelea. Mama mkubwa alikuwa mtoto wa kutembea mwenyewe, kashika kamba ya mbuzi. Wewe ulikuwa mgongoni. Bibi alisema ulilia siku moja tu, mahali walipokuta kisima kimekauka. Kurudi alikuwa na debe la uwele kichwani na wewe mgongoni, kwa mwendo ule ule.

Kwa hiyo ile njia umeipita yote, mama, kwenda na kurudi, ila hukumbuki. Mimi nilizaliwa nikakuta daladala. Mbali kabisa nilipowahi kwenda kwa miguu ni bombani na shuleni. Bibi alikwenda kwa njaa, mimi nakwenda nimeshiba na begi lina chakula, na sitaki udhani nimesahau tofauti hiyo. Lakini nimeishi huku miaka minane nikiujua mwili wangu kwa maumivu ya kiuno tu, ya kuwanyanyua wazee kitandani. Nataka kujua una nini kingine. Na nataka niujue mwendo ule kwa miguu yangu, hata kama ni kwenye nchi nyingine.

Nimejiandaa tangu Februari. Nilianza na ngazi za ghorofa ninaloishi, nikaacha kabisa kupanda lifti. Kisha nikaanza kutembea Jumamosi kando ya mto Clyde. Siku moja nilifika Blantyre, alikozaliwa Livingstone mwaka 1813, kuna makumbusho yake pale. Nilisimama muda mrefu nikiwawaza Susi na Chuma, watumishi wake, na wenzao. Livingstone alifariki Mei 1873 huko Zambia ya leo, nao wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na wale wapagazi waliokuwa wakikatiza Ugogo kwetu kila mwaka, mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mimi begi langu likijaa lina kilo 11, hema na jiko la gesi vikiwa ndani. Tangu siku ile sijalalamika uzito.

Siku ile ile ya Blantyre nilirudi na lengelenge kisiginoni, kubwa kama sarafu. Kosa lilikuwa soksi za pamba. Zikishika jasho hazikauki, ngozi inalainika, kiatu kinaisugua. Sasa navaa za sufu, na ndani yake nyingine nyembamba, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Buti nimenunua namba moja zaidi, maana mguu huvimba ukitembea kutwa, na nimeyavaa hadi kazini ili yauzoee mguu wangu. La muhimu kuliko yote nimelijifunza kwa maumivu: ukisikia joto mahali pamoja kwenye mguu, unakaa chini hapo hapo, unavua, unabandika plasta. Ukisema nitavua nikifika, umechelewa.

Aprili nilipanda Conic Hill, kilima kinachopitiwa na njia yenyewe siku ya pili. Ili kupata uzito nilijaza begini pakiti tano za unga wa sembe, kilo mbili mbili. Mvua ikatunyeshea saa tatu mfululizo. Nilipofungua begi nyumbani, pakiti mbili zilikuwa zimepasuka na unga umekandika kwenye mikunjo yote ya begi, kwenye zipu, kwenye nguo za kubadilisha. Niliukwangua kwa kijiko usiku kucha huku roho inaniuma, chakula kile, mama. Kumbe begi la mvua peke yake halizuii mvua. Sasa kila kitu kinaingia kwanza kwenye mfuko mzito wa plastiki, na nguo za kulalia na mfuko wa kulalia vina mfuko wao mwingine. Nimejua kwamba huku atakayenisumbua ni maji ya juu, wakati bibi alisumbuliwa na kukosa maji ya chini.

Ulisema unaogopa nyoka na fisi. Fisi hakuna. Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, mdogo, jamii ya kifutu, naye hukimbia akisikia vishindo. Wadudu ndio wapo. Kuna kupe kwenye nyasi, na wanaambukiza ugonjwa, kwa hiyo kila jioni nitajikagua miguu na makwapa kama Yohana anavyokagua ndama. Na usubi, mama, wingu zima la usubi jioni upepo ukitulia. Nimenunua chandarua cha kichwa.

Siku mbili za kwanza nitakuwa na dada mmoja Mkamba ninayefanya naye kazi. Baada ya hapo nitakuwa peke yangu, lakini Juni njia hiyo haikosi watu, na giza halinipati, jua huku linazama saa nne usiku. Penye kunitia wasiwasi ni pawili. Kwanza kando ya ziwa siku ya tatu, kwenye mawe na mizizi, ambako hata waliozoea wanashika kwa mikono. Pili ni Rannoch Moor siku ya tano. Ni nyika ya majani na matope, mti ni wa kuhesabu, na kwa saa kadhaa hakuna nyumba wala pa kujikinga mvua. Hapo nitaangalia utabiri wa hali ya hewa asubuhi, na ikiwa mbaya sana nitasubiri siku nzima. Likizo nimechukua siku tisa makusudi. Sitashindana na mtu.

Naanza tarehe 6 Juni. Jioni ya siku ya nne nitakuwa Tyndrum, kuna mtandao, nitapiga. Msipoipata simu siku ya tatu msianze kuwaza mabaya, milimani mawasiliano yanakatika.

Nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Ukiacha wewe uliyekuwa mgongoni, mama mkubwa ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokwenda Kondoa. Mkae naye jioni moja mumuulize walilala wapi usiku wa kwanza. Mumuulize bibi alijifunga nini miguuni, maana hilo sikuwahi kumuuliza na mbigili za njia ile nazijua. Na waliimba nini, kama waliimba. Yohana aandike vile vile anavyosema, kwa Kigogo, asitafsiri, anitumie kabla sijaondoka. Nitaikunja karatasi hiyo niitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nguo kavu.

Nisalimie wote, na huyo mbuzi asiuzwe.

Mwanao,
Nyemo