Lala, Aliye Macho Yupo: Barua kwa Vijana Wavuvi wa Lamu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wanangu.

Nawaandikia nyinyi ambao nawakuta gatini kila alfajiri nikielekea msikitini. Zamani nikimkuta kijana pale saa hizo najua amerauka. Siku hizi najua hajalala. Macho mekundu, shavu limejaa miraa, simu imemulika uso. Juzi nilimsalimia mmoja wenu, akaniambia, "Babu, nikilala nahesabu." Nikamuuliza anahesabu nini. "Mafuta, barafu, deni la mashine, ada ya mtoto. Nikimaliza naanza upya."

Nilisali Fajiri siku ile na neno lake limenikaa kifuani.

Upepo wa kusi umeshika, naujua. Mashua ndogo haiwezi kutoka nje ya mwamba, na ndani samaki ni wa kubahatisha. Najua pia kwamba tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ifunguliwe mwaka 2021, mikondo mliyorithi kwa baba zenu si ya kuvuliwa kama zamani. Na tangu Mahakama Kuu ya Malindi iamue mwaka 2018 kwamba wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari hiyo, wapo ambao wamelala na kuamka na hesabu ya fungu lao. Sitawaambia kwamba hayo ni madogo. Asiyewahi kudaiwa asimhubirie anayedaiwa.

Nataka kuwasimulia usiku mmoja tu.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano, baharia mdogo kuliko wote katika jahazi lililopakia boriti kwenda Mombasa. Tulipofika Ghuba ya Ungwana upepo ukageuka mkali. Mawimbi yakawa yanapanda ubavuni, nasi tukifua maji kwa upo, kile chombo cha kutekea, mpaka mikono ikafa ganzi. Usiku wa manane nahodha akaniambia, "Zamu yako imekwisha, kalale." Nikamwambia siwezi, bahari ni mbaya. Akaniuliza, "Na wewe ukikaa macho, itatulia?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mimi niko hapa," akaushika usukani.

Nikajilaza juu ya boriti na kikoi kilicholowa, boriti zinanichoma mbavu, na wallahi nililala. Niliamshwa na jua na harufu ya moshi wa jiko. Nikachungulia nje: mawimbi ni yale yale. Bahari haikuwa imetulia hata kidogo. Nililala kwa sababu nilimjua aliyekuwa macho.

Nahodha yule alikuwa binadamu, na kulipopambazuka naye alichoka, akampokeza mwenzake usukani. Sasa isomeni tena Ayatul Kursiy, ile aya ya Kurani mliyofundishwa chuoni kabla hamjajua kufunga nguo. Humo Mola anajisifu kwamba kusinzia hakumshiki wala kulala. Tumezoea kuisoma kama kinga ya mashetani, na ni kweli ni kinga. Lakini ukiwa kitandani na deni lako, isome kama kijana anayeambiwa na nahodha wake aende akalale. Zamu ya kuulinda ulimwengu haijawahi kuwa yako.

Msinielewe vibaya. Hapa kwetu wapo wanaoita uvivu tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake: amfunge ndipo ategemee, au amwache huru ategemee? Akamjibu amfunge, kisha ategemee. Nyinyi hamna ngamia, mna mashua. Kagueni kamba ya nanga kabla ya Isha, angalieni kama imelika pale inapopita ukingoni. Ikilika, badilisheni. Ukishaifunga vizuri ukarudi nyumbani, usiamke mara tatu kuifunga tena ndani ya kichwa chako. Kufunga ni kazi yako, na umeimaliza.

Yako maneno ya sura ya Aal Imran, aya ya 154, ninayoyarudia sana siku hizi. Yanazungumzia siku ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Waislamu wamepigwa, maiti wametanda, na adui bado yuko. Katikati ya dhiki ile Mwenyezi Mungu akawateremshia baadhi yao amani, na amani yenyewe ilikuwa usingizi. Abu Talha, sahaba aliyekuwapo, alisimulia kwamba alisinzia mpaka upanga ukamponyoka mkononi. Akauokota, ukaponyoka tena. Na aya hiyo hiyo inataja kundi jingine, mlima ule ule, adui yule yule, ambao hawakupata utulivu huo kwa kuwa nafsi zao ziliwashughulisha, wakimdhania Mola wao dhana isiyokuwa ya haki. Mimi huwa nasimama hapo. Kilichowatenganisha hakikuwa ukubwa wa hatari, ilikuwa dhana ya kila mmoja juu ya Mola wake.

Lakini asinukuu mtu barua yangu kumwambia mwenzake kwamba kukosa usingizi ni kukosa imani. Mtume mwenyewe alihuzunika, na mwaka aliofiwa na mkewe Bi Khadija na ami yake Abu Talib umebaki ukiitwa mwaka wa huzuni. Na wewe ambaye wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, na moyo unakuambia heri kufa, nenda hospitali umwone daktari. Hiyo nayo ni kumfunga ngamia.

Kwa wengine, mambo ni haya niliyoyaona kwa babu zangu nikiyadharau ujanani. Miraa iachwe, angalau usiku. Huwezi kuliomba jicho lifumbe huku umelilipia likeshe. Simu ibaki chumba kingine. Tia udhu, kung'uta tandiko, lalia ubavu wa kulia, viganja pamoja, usome sura za Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu, ujipanguse mwili. Kisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Kama lazima uhesabu, hesabu hizo. Bibi Fatma, binti wa Mtume, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, mikono imechubuka kwa kusaga, akapewa hesabu hiyo ya kulalia badala yake, na akaambiwa ni bora kwake.

Nimebakiza la deni. Katika dua za Mtume iko moja ambamo amejikinga kwa Allah na hamu, yaani wasiwasi, na huzuni, na mwisho wake uzito wa deni na kulemewa na watu. Ameviweka pamoja kwa sababu vinakaa pamoja kifuani. Iombeni. Kisha asubuhi, mchana kweupe, mwendee anayekudai kabla hajakutafuta. Mwambie una kiasi gani na kusi likiisha utampa nini. Ukishaliona uso kwa uso, deni hurudi kuwa na kimo chake.

Na asiyeweza kwenda peke yake, mimi niko barazani kwangu kila siku baada ya Alasiri. Aje, nitavaa kanzu twende wote. Kijana wa gatini, wewe uliyeniambia unahesabu, nakungoja kesho.

Wassalaam,
Babu yenu, nahodha mstaafu, Lamu