Mpiga picha mmemtaja, mchoraji je?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na wenzako hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nakaa Tandika, na leo naandika kwasababu ya ile picha mliyoitoa Jumanne ukurasa wa burudani, ile ya mnyama mkubwa mwenye madoa kalala chini ya miti. Imekula kama robo ya ukurasa, nikafurahi kweli, nikamwita binti yangu njoo uone wamewatoa wale wachoraji wetu, alafu ndo nikasoma maneno ya chini. Mmeandika kwamba ni mchoro wa kutisha ukiwa ukutani kwenye maonyesho ya sanaa Mikocheni, mkamalizia na jina la mpiga picha wenu kwenye mabano. Basi, imeisha hapo. Yaani aliyesimama mbele ya ukuta akabonyeza kamera katajwa, na aliyekaa na ile picha wiki sita hajatajwa, wakati jina lake lilikuwa pale pale pembeni kwenye kikaratasi cheupe, nimeliona kwa macho yangu maana nilienda Jumamosi.

Na yule mnyama naye ana jina. Ni Nunda mla watu.

Niseme kwanza kwanini hii ishu imenigusa hivi. Nimefanya kazi ya kupanga kurasa miaka 19 kwenye kampuni moja ya uchapaji hapa mjini, sitaitaja. Vitabu vya hadithi, vya shule, kalenda, vyote vimepita mikononi mwangu. Zamani kabla mambo ya tableti hayajashika kasi mchoraji alikuwa anakuja mwenyewe na daladala, kazi zake ziko kwenye bahasha kubwa ya kaki kaikumbatia kifuani isikunjwe na watu, anakabidhi anasaini anaondoka, mi naskani naingiza kwenye ukurasa. Wengi walikuwa wanaandika jina dogo kwenye kona ya chini. Sasa kitabu kikienda kwenye mashine ya kukatia kingo ile kona inakwenda na kisu, jina linaangukia kwenye kapu la vipande. Kuna ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la mwandishi, mhariri, mchapishaji na namba ya kitabu, pale nafasi ikibana naambiwa toa mstari wa mchoraji, na mimi nilikuwa nautoa. Nimefuta majina mengi sana kwa kidole changu Mhariri na wengine walikuwa watu ninaowafahamu, tunasalimiana. Na michoro yenyewe ilikuwa hairudi kwa mwenyewe, inakaa kwenye shelfu mpaka siku ya usafi. Kuna siku nimekuta michoro ya rangi, kazi ya mkono, imetandikwa chini ya mashine ili wino usichafue sakafu. Niliokota miwili tu, mingine ilishaharibika.

Kwahiyo nilivyosikia kuna wachoraji wa vitabu wamekodi ukumbi wanaonyesha kazi zao nikasema hii siikosi. Wako nane, wote wanaishi kwa kuchora kwa oda, makava, hadithi za watoto, mabango, na safari hii wamekusanya picha za viumbe wa kufikirika tu, hizi ambazo wenyewe wanaziita fantasia. Nilipanda daladala mpaka Makumbusho, nikachukua bajaji, nimekaa mule ndani masaa matatu.

Kitu walichofanya kizuri kuliko vyote, pembeni ya kila mchoro wameweka kitabu chenyewe kilichotoka, kimefunguliwa palepale kwenye ile picha. Unaona kilivyokuwa na kilivyokuja kuwa. Kuna moja ya chunusi, yule jini wa kwenye maji, anamvuta mvuvi mguu, usiku, maji yana bluu tatu nne zinazidi kuwa nzito ukishuka chini mpaka unaona vidole vyake virefu vimejificha kwenye bluu ya mwisho. Ukigeukia kitabuni hakuna vidole, ni weusi mtupu. Hiyo naielewa vizuri kwasababu ndo kazi yangu, mashine inachapa kwa wino wa rangi nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi, na ukitumia karatasi ya bei rahisi inakunywa wino picha nzima inazama, kwahiyo mtoto aliyenunua kile kitabu hajawahi kuviona vile vidole na hajui kama vipo. Nyingine ilikuwa ya zimwi kabeba ngoma, mnaijua ile hadithi ya msichana aliyefungiwa ndani ya ngoma akawa anaimba zimwi likizunguka nayo vijijini kutafuta chakula. Mchoraji hajamchora msichana kabisa! Kachora ngoma ina kipasuko kidogo na ndani yake jicho. Nilirudi pale mara mbili.

Ila Nunda ndo nataka niwaelezee vizuri maana nyie mmemwita mchoro wa kutisha mkapita.

Ile hadithi ni yetu kabisa, watu wa pwani, mmisionari wa Kiingereza Edward Steere aliisikia Unguja akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi zingine. Paka wa sultani anaanza kula ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka ni wangu na anachokula ni changu, yule paka anaendelea, anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anakula watu, mpaka siku anawala watoto wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo wa mwisho anakwenda porini kumtafuta, kila mnyama anayemuua anamburuta nyumbani anamwimbia mama yake, na mama anamjibu mwanangu siye huyo. Mwishowe anamkuta kalala, anajiambia mama aliniambia masikio madogo na haya ni madogo, mwili mpana sio mrefu na huyu ni mpana, madoa kama ngawa, yule mnyama wa porini anayefanana na paka, mkia mnene. Hivyo ndivyo anavyomjua.

Sasa mwangalie yule wa kwenye picha. Masikio madogo. Mwili mpana. Madoa ya ngawa ubavuni. Yule kijana aliyemchora kasoma maandishi neno kwa neno ndo akashika brashi, na juu ya yote kampa uso wa paka, paka kabisa wa nyumbani anayelala karibu na jiko, na shingoni nywele zimelala kwa kubonyea kama alikuwa amevaa kitu zamani. Hajaandika popote kwamba huyu alikuwa wa sultani lakini unaelewa. Tena sehemu ya juu ya picha kaacha anga tupu, mtu asiyejua atadhani kachoka, ni kwamba kava lazima liwe na mahali pa kukaa jina la kitabu na mchoraji wa vitabu anaipanga nafasi hiyo toka kwenye skechi ya kwanza. Hizo ndo akili zinazotakiwa kwenye kazi hii.

Kulikuwa na mzee mmoja kavaa kofia na kanzu, kwa lafudhi yake ni mtu wa visiwani, alisimama pale muda mrefu alafu akamwita yule mchoraji akamwambia, "Mwanangu, masikio sawa, madoa sawa, lakini mkia huu mwembamba. Mkia mnene." Yule kijana hakubisha, alisema "Kweli babu," akatoa daftari akaandika. Mimi nilishindwa kuondoka pale. Mzee wa miaka kama themanini anamjadili Nunda na mchoraji kama wanamjadili mtu wa mtaani kwao.

Najua pia kuna wanaosema haya ni mambo ya mashetani, hata pale mlangoni kuna mama mmoja aliwageuza watoto wake akaondoka, sikumlaumu kila mtu ana imani yake. Lakini Dar hii imekuwa na picha za mashetani miaka yote na hatujadhurika. Nendeni Mwenge kwa wachongaji mkaone Wamakonde walivyochonga mashetani yenye jicho moja na midomo mpaka kiunoni. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 akafariki 2005, amechora mashetani yenye matumbo na masikio makubwa yanacheza, yanaongea, yanakunywa, na dunia nzima imezinunua hizo picha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 kule Msasani kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, alikufa 1972, miaka minne tu jamani, na jina lake limebaki mpaka limekuwa jina la picha zenyewe, unasema nataka tingatinga mbili na muuzaji anakuelewa.

Alafu chukua upande wa pili. Chakubanga, yule mtu wa katuni. Waliosoma gazeti la Uhuru enzi zile wote wanamjua Chakubanga, mpaka leo wazee wanamtaja kwenye mazungumzo. Waulize aliyekuwa anamchora ni nani. Ni Christian Gregory. Nimejaribu kuuliza watu wazima sita pale mtaani kwetu wiki hii, wote wanamkumbuka Chakubanga vizuri sana, hakuna hata mmoja aliyelijua hilo jina. Na yeye alichora miaka kibao kwa watu wengi kuliko wanaoingia kwenye ukumbi wowote. Tofauti ni kwamba Tingatinga alikuwa anauza picha yake kwa mkono wake, mteja anamwona, huyu mwingine alikuwa kwenye gazeti. Ndiyo maana nawaandikia nyie na sio wenye galari.

Wenzetu hili walilishtukia zamani. Arthur Rackham, mchoraji wa Uingereza wa hadithi za majini na vibwengo, mwaka 1905 picha zake 51 alizochora kwa ajili ya kitabu kimoja zilitundikwa kwenye Leicester Galleries pale London watu wakaja kuzitazama na kuzinunua kama picha. Frank Frazetta wa Marekani, huyu alikuwa anachora makava ya vitabu na magazeti ya bei ya chini kabisa, lakini alishikilia kwamba ikishachapwa picha halisi irudi kwake. Picha yake ya malkia wa Misri ilitoka kwenye kava la gazeti la hadithi za kutisha 1969, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 5.4. Sisemi vijana wa Mikocheni watauza hivyo, nasema ile picha isingekuwepo ya kuuzwa kama ingetandikwa chini ya mashine. Na 2021 makumbusho ya Norman Rockwell, kule Stockbridge, Massachusetts, walifanya maonyesho makubwa ya historia ya picha za fantasia kwenye vitabu, na huyo Rockwell mwenyewe alikuwa mchoraji wa makava ya magazeti.

Hapa kwetu sheria ipo, ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kutambulika kwamba kazi ni yake, na michoro imo. Lakini sitaki tufike huko, mimi sio wakili na nyie sio watu wabaya. Nataka majina tu, hasa kipindi hiki ambapo mteja anaweza kuiambia kompyuta nichoree jini ikamtolea jini ndani ya dakika moja, akaacha kumpigia simu mchoraji, kama hata majina yao hatuyajui watakuja kupotea bila mtu kugundua kwamba kuna mtu hayupo.

Mtaniambia nafasi. Hilo neno nimelisikia miaka 19 na mimi mwenyewe nimelitumia. Nimechukua rula nimepima ile kepsheni yenu ya Jumanne, ina mistari miwili na wa pili umeishia katikati, nusu nzima ni tupu. Jina la yule kijana lina herufi 14 ukihesabu na nafasi kati ya majina. Linaingia bila kugusa kitu, na lingegoma mngepunguza ukubwa wa herufi kwa nusu pointi, msomaji asingeona tofauti, mpangaji wenu wa kurasa muulizeni atawaambia.

Kwahiyo ombi langu ni kwamba mtoe masahihisho mseme picha ile ni Nunda na kaichora nani. Majina ya wote nane nimeyaandika kwenye karatasi nyingine niliyoiambatanisha, kila jina na picha yake, nimeyanakili kutoka ukutani na nikawapigia simu kuhakikisha herufi, mmoja jina lake lina h mbili msije mkaondoa moja. Maonyesho yanafungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, hakuna kiingilio, na yule wa Nunda ameniambia mkia ameshauongeza unene, picha inakaushwa, itarudi ukutani Ijumaa.

Ni mimi msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam