Kazi iliyofaulu nayo ikaguliwe

Mhariri,

Kila mtu husifu mafunzo ya kushindwa. Mafanikio hayakaguliwi, na humo ndimo hatari hujificha. Mipira ya kuzibia viungo vya roketi za vyombo vya anga vya Marekani ilionekana kuliwa na gesi ya moto katika safari kadhaa. Kwa kuwa vyombo vilirudi salama, kasoro ikazoeleka. Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali, mpira ulikakamaa, gesi ikapenya, na chombo kimojawapo, Challenger, kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Wote 7 waliokuwamo walikufa.

Basi kabla ya kuanza kazi yoyote, andika unachotarajia na sababu zake. Ikiisha, linganisha. Matokeo mazuri yaliyoletwa na sababu ambayo hukuiandika yahesabiwe kuwa bahati, hata kama bosi anapiga makofi.

Ukishindwa, usibadilishe mambo matano kwa mpigo; hutajua lipi lililosaidia. Badilisha moja, jaribu tena. Na ile kauli ya “hatukujitahidi vya kutosha” isiingie kwenye ripoti, maana haionyeshi cha kurekebisha.

Msomaji wenu