Kiganja mgongoni si desturi ya kale

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu kwamba bwana arusi akifungua dansi ni lazima amshike mkewe mgongoni, eti ndivyo Wazungu walivyocheza tangu zamani. Mimi ni fundi wa magauni ya arusi hapa Katuba, Lubumbashi, na neno hilo limeniuma, kwa sababu si kweli.

Siku ya posho (Jumamosi) iliyopita mwongoza sherehe alipaza sauti kwenye maikrofoni: "Mukamate muzuri!" Kijana akakamata. Vitanzi sita vya vifungo vya mgongoni vikakatika. Nilivishona jikoni, karibu na sufuria za bukari (ugali), bibi arusi amesimama akilia. Kwenye satini nyeupe kiganja kilikuwa kimejichora kizima, vidole vyote vitano vya jasho.

Wazungu wa kale mara nyingi walishikana mikono tu. Katika pavani, dansi ya mwendo wa taratibu, walitembea ubavu kwa ubavu, mkono ndani ya mkono. Katika minueti, dansi ya ikulu ya Ufaransa, walipeana mkono wa kuume wakazunguka, kisha wa kushoto, mwishowe yote miwili. Dansi iitwayo volta ndiyo iliyokaribisha miili. Padri Thoinot Arbeau aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1589: mwanaume aweke mkono mmoja mgongoni mwa mwanamke, mwingine chini ya kijiti kigumu cha mbele ya gauni, amnyanyue kwa paja. Mwanamke naye aweke mkono mmoja mgongoni mwa mwanaume au kwenye kola yake, na wa pili abane sketi pajani isipeperuke. Mkono mzima umetengwa kwa ajili ya sketi! Padri yule aliijua nguo.

Valsi, dansi ya kukumbatiana na kuzunguka, ilipochezwa katika ikulu ya Uingereza mwaka 1816, gazeti The Times lililaumu waziwazi. Na hata ilipozoeleka, wanaume wa karne ile waliingia ukumbini na glavu nyeupe mikononi.

Anayependa kukumbatia akumbatie. Rumba yetu ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, huchezwa hivyo na mimi naipenda sana. Lakini bibi arusi asilazimishwe kwa jina la Wazungu wa kale.

Naomba mchape masahihisho kabla ya siku ya posho ijayo. Nina gauni la vifungo 32 mgongoni, na mwenyewe ameniambia anataka kushikwa vidole tu.

Fundi wa magauni,
Katuba, Lubumbashi