Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Mikataba ya Mfereji wa Panama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Klabu yetu ni changa, lakini mafanikio yake ni ya kupigiwa mfano. Tumeshika nafasi ya pili katika mdahalo wa kata, ulioshirikisha shule tatu, na tumechora ramani uliyoiona mlangoni, inayoonyesha jinsi meli zinazopita Mfereji wa Panama zinavyopandishwa mita 26 hadi Ziwa Gatun.

Mgeni Rasmi, mkataba wa 1903 ulioipa Marekani ukanda wa ardhi ya mfereji, wa maili 10 kwa upana, tena milele, ulitiwa saini kwa niaba ya Panama na Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Manung'uniko yalidumu miaka mingi, na Januari 1964 damu ilimwagika baada ya wanafunzi wa sekondari kuingia katika Ukanda huo wakitaka kupandisha bendera ya nchi yao. Ndipo tarehe 7 Septemba 1977 Rais Jimmy Carter wa Marekani na Jenerali Omar Torrijos, kiongozi wa Panama, wakatia saini mikataba miwili, mmoja wa kuurejesha mfereji kwa Panama na mwingine wa kuuacha wazi kwa meli za mataifa yote. Seneti ya Marekani iliipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32, yaani kura moja tu juu ya kiwango kilichotakiwa cha theluthi mbili. Carter alishindwa uchaguzi wa 1980 na Torrijos alifariki mwaka uliofuata, lakini siku ilikuwa imeandikwa, na saa sita mchana tarehe 31 Desemba 1999 mfereji ukakabidhiwa.

Atlasi pekee tuliyonayo haina habari hizo. Bado inauonyesha Ukanda kuwa chini ya Marekani, ilhali ulifutwa tarehe 1 Oktoba 1979. Atlasi hiyo na vitabu vyetu vichache hukaa stoo, pamoja na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, na panya wa humo hawabagui.

Hapo ndipo linapotoka ombi letu kubwa. Kwa michango ya wazazi, boma la maktaba limefika kwenye lenta. Mgeni rasmi wa mahafali yaliyopita alituahidi bati, na aliyemtangulia alituahidi mbao za kenchi. Wote tuliwapigia makofi kwa moyo mkunjufu. Tulipofuatilia, tulijibiwa kwa upole kwamba suala linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, masika mawili yamelipiga boma, na matofali ya kozi ya juu yameanza kumeguka. Hatusemi haya kwa kulaumu, bali kwa sababu mvua nyingine ziko njiani.

Tunaomba utusaidie mbao, bati na misumari ili tupaue. Na kwa kuwa mikataba tunayoiadhimisha leo ilitaja siku na hata saa ya makabidhiano, tunakuomba kwa unyenyekevu, kabla hujaondoka, ututajie walau mwezi. Katibu ameacha nafasi ya kuuandika katika kitabu cha wageni, karibu na saini yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Klabu ya Historia