Kwa nini matembezi yetu ya Richmond Park yanaanzia getini

Wageni kutoka nyumbani hutuuliza swali moja kabla ya kulipia: mtu aliyekulia jirani na Mikumi aje London kutazama kulungu, kwa lipi? Ni swali la haki. Kulungu wapo, kama 630 hivi, na tutawaona. Ila kwanza tunakupeleka geti la East Sheen, tukiwa na nakala ya picha iliyochapwa mwaka 1793.

Ni picha ya mzee John Lewis, mwenye kiwanda cha bia pale Richmond. Maandishi ya chini yanataka akumbukwe: kwa kutokata tamaa kwake, haki ya watu kupita hifadhini ilirudishwa kisheria.

Hifadhi hii aliizungushia ukuta wa matofali Mfalme Charles wa Kwanza, mwaka 1637, apate pa kuwindia. Ukuta una urefu wa kama kilomita 13, na ulimeza mashamba na malisho ya watu. Angalau njia za waendao kwa miguu ziliachwa. Mwaka 1751 Binti Mfalme Amelia akakabidhiwa uangalizi, akafunga mageti. Walioingia ni wenye kibali chake tu.

Mwaka 1755 Lewis alifika hapa getini, bawabu Martha Gray akamfungia. Akaenda mahakamani, na mwaka 1758 akashinda. Jaji Michael Foster akamuuliza anataka nini, mlango au ngazi ya kuvukia ukuta? Lewis akachagua ngazi. Mlango lazima ufungwe kulungu wasitoke, na uliofungwa leo kesho hutiwa komeo.

Ngazi ikajengwa, lakini vidato vikaachanishwa mno, watoto na wazee wakashindwa kupanda. Lewis akarudi kwa jaji. Kumbe jaji mwenyewe alishaliona hilo; akaagiza ijengwe upya, hata bibi vikongwe waweze kuipanda. Hapo huwa nasimama kidogo. Kushinda kesi ni jambo moja. Kurudi kupigania nafasi kati ya kidato na kidato ni moyo wa aina nyingine, nami namheshimu sana kwa hilo.

Leo unapita getini bila kupanda ngazi wala kulipa kiingilio. Malipo yetu ni ya kukuongoza kwa Kiswahili na kukuonyesha nakala za nyaraka pale pale zilipohusika. Ukija Septemba au Oktoba utasikia madume wakinguruma na kupigania majike. Mei hadi Julai majike wanazaa na huwa wakali. Msimu wowote tunakaa mita 50 mbali nao. Pembe zao, tofauti na za swala wetu, hudondoka kila mwaka. Ukiiona chini, iache.

Kama mnakuja na bibi, au mtoto wa kubebwa, tuambieni mapema. Tutachagua njia isiyo na mlima, na tutatembea kwa mwendo wake.